Ndia na Njia

Mwaka 1994, katika shule moja ya sekondari ya mkoa ambao wakati huo bado ulikuwa Mbeya, nilimnyima mwanafunzi wangu alama kwa sababu ya neno moja na beti tatu. Swali lilimtaka aeleze mawaidha ya Mwana Kupona kwa binti yake, kisha aandike beti tatu anazozikumbuka. Kijana yule alikuwa mgeni katika nyanda zetu za kahawa na baridi. Baba yake alihamishiwa Tunduma kwa kazi ya forodha. Kwao ni Tanga, na bibi yake mzaa mama asili yake ilikuwa Lamu.

Beti alizoziandika hazikufuatana kama zilivyofuatana katika kitabu chetu. Mstari mmoja ulikuwa na maneno ambayo kitabuni hayamo kabisa. Katika maelezo yake akaandika “ndia njema” pale ambapo mimi nilitarajia kuona “njia njema”. Nililizungushia neno lile duara jekundu, nikaandika pembeni “njia!” na alama ya mshangao juu yake. Beti zake nikazipiga mkasi zote tatu.

Alikuja mezani kwangu na karatasi yake. Akanieleza kwa adabu kwamba bibi yake ndivyo anavyousoma utenzi ule, tena huusoma katika daftari lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nikamjibu, “Mtihani hautungwi na bibi yako.” Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Ndugu msomaji, kisa hiki nilikuwa nimekisahau. Kilichonikumbusha ni safari niliyoifanya nikiwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Hasamba, wilayani Mbozi, nimeshika simu ya mjukuu wangu. Nataka nikusimulie safari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, pengine nawe ungependa kuifanya, na mimi nimekwisha kupotea kwa niaba yako. Pili, mwisho wake nilikutana na duara langu jekundu.

Mambo yalianza kwa swali. Mwalimu kijana wa jirani, ambaye huja kuazima vitabu vyangu vya zamani, aliniuliza, “Mwalimu, shikamoo. Huo utenzi wa Mwana Kupona, maandishi yenyewe ya kale yako wapi?” Nilimwitikia marahaba, kisha nikaishiwa maneno. Nilijua kwamba Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Nilijua kwamba aliutunga utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni mara nyingi hata chaki yangu ilikuwa inayajua. Lakini utenzi ulikwenda wapi baada ya kutoka mkononi mwa mama yule? Nani aliunakili, nani aliuhifadhi, nani aliufikisha katika kitabu chetu cha darasani? Miaka yote ile nilikuwa nimefundisha maji ya bombani bila kuuliza habari za mto.

Mjukuu wangu akasema, “Babu, tutafute.” Tukanunua bando, tukaketi upande wa nyumba unaoshika mtandao vizuri, tukaanza.

Jambo la kwanza tulilolipata ni Mradi wa Miswada ya Kiswahili wa chuo cha SOAS, London. Mradi huo uliendeshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaorodhesha miswada ya Kiswahili iliyokuwa imelala katika maktaba ya chuo hicho, na sehemu ya miswada hiyo sasa inaweza kuonekana mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Niliona moyo unanienda mbio. Nikamwambia mjukuu aandike katika kisanduku cha kutafutia: Utenzi wa Mwana Kupona. Nilingoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Kilichokuja kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Nikasema, “Basi, hawana.” Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nadhani ndilo kosa la wengi. Tunadhani kisanduku kile ni mzee anayejua tunachomaanisha. Sivyo. Ni karani mkaidi, anayetazama herufi tu. Ukimwambia “utenzi”, atakuletea palipoandikwa “utenzi”. Palipoandikwa “utendi” atapapita kama hakuona.

Na watu wa Lamu na Pate husema utendi. Mjukuu alipoibadilisha herufi moja, z ikawa d, milango ikaanza kufunguka. Tukajaribu Mwanakupona kwa neno moja, tukajaribu Mwana Kupona kwa maneno mawili. Tukajaribu “wasia”, kwa kuwa utungo ule ni wasia wa mama. Tukajaribu “chuo”, maana wazee wa kale walikiita kitabu chuo, na utenzi mashuhuri wa Tambuka hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkal. Kila jina lilikuwa ufunguo wa mlango wake.

Hapo nikakumbuka jambo la kwetu, likanisaidia kuelewa. Mimi ni Mnyiha. Zamani niliwahi kutafuta maandishi ya kale kuhusu watu wangu katika orodha ya maktaba, na jina “Nyiha” halikunipa mengi. Wamishenari wa Kijerumani waliofika Mbozi waliliandika jina letu kwa namna yao, na katika vitabu vyao utatukuta tukiitwa Nyika. Kwa hiyo ukitaka kumfuatilia Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian, aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha likachapwa mwaka 1913, huna budi kulijua pia jina hilo la kigeni. Lakini ukilishika Nyika peke yake, utajikuta umetupwa mbali, Rabai, nyuma ya Mombasa! Wanyika wa huko ni Wamijikenda, na kamusi ya “Kinika” iliyochapwa London mwaka 1887 kutokana na kazi za Krapf na Rebmann ni ya kwao, si yetu. Nenda na Songwe nalo: mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016. Anayetafuta habari zetu za kale kwa jina la mkoa atadhani hapa hapakuwa na watu.

Basi nilijifunza kwamba kabla ya kukiandikia kisanduku chochote, yafaa mtu akae na kujiuliza: kitu hiki kimewahi kuitwa kwa majina gani, na nani alikiita hivyo?

Swali hilo la “nani” ndilo lililonipa njia ya pili. Nilimwambia mjukuu aache kutafuta kwa muda, turudi katika ukurasa wa maelezo ya mradi, ule ambao wengi huuruka kama dibaji ya kitabu. Humo nikaona kwamba miswada haikupangwa kama maduka ya sokoni, tenzi upande huu na mashairi upande ule. Imepangwa kwa majina ya watu walioikusanya. Kuna mkusanyo wa W. E. Taylor, mmishenari aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Kuna wa Alice Werner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili chuoni hapo. Wa William Hichens. Wa Wilfred Whiteley. Wa Jan Knappert. Na wa Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyehamia London na elimu yake.

Ukishawajua watu hao, orodha yote inageuka kuwa ukoo. Chukua mfano wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki katika vifua vya watu wa mji. Mwalimu Sikujua wa Mombasa akayakusanya na kuyaandika, akishirikiana na Taylor. Karatasi za Taylor zikafika London. Hichens akazishughulikia, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg. Kwa hiyo anayemtafuta Muyaka aende kwa Taylor, kisha kwa Hichens, na kila hatua amwombee dua Mwalimu Sikujua, ambaye kwenye majalada ya vitabu jina lake halionekani kama ya hao wawili.

Utendi wa Mwana Kupona nao una ukoo wa namna hiyo. Werner na Hichens waliuchapisha pamoja mwaka 1934. J. W. T. Allen, aliyezunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuingiza katika kitabu chake cha Tendi cha mwaka 1971. Lazima nikiri jambo la aibu hapa. Miswada aliyoikusanya Allen imehifadhiwa Dar es Salaam, katika nchi yangu. Nimepita mji huo mara nyingi, kwa semina na kwa usahihishaji wa mitihani. Sikuwahi hata siku moja kuuliza maktaba hiyo ina nini. Nimekwenda kuizungukia London kwa simu nikiwa Hasamba, kumbe kisima kingine kilikuwa njiani kwangu.

Sasa tulifika mahali pa kuzifungua picha zenyewe. Mjukuu akabofya, na ukurasa ukajichora polepole, kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa mtandao wetu jioni huchoka. Nikaona mistari ya wino, herufi za Kiarabu zilizopangwa kwa vipande vinne vinne, kama ubeti wa utenzi ulivyo. Nilijua ni Kiswahili. Sikuweza kusoma hata neno moja.

Nilinyamaza kwa muda. Mjukuu akadhani nimechoka, akaniuliza kama atie chai. Nilikuwa nafikiri: mimi mwalimu wa Kiswahili, mwenye cheti cha chuo cha ualimu na saa ya ukutani niliyopewa siku ya kustaafu, nimekaa mbele ya Kiswahili kama mtu asiyejua kusoma. Bibi wa kijana yule wa Tunduma angeusoma ukurasa huu huku akichambua mchele.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyesoma chuo cha Qurani utotoni, alikubali kuja kunisaidia. Yeye hujua herufi, mimi hujua tenzi. Tukaketi kama kipofu na kiwete wa hadithi. Ndipo nikaelewa kwa nini hata jina la utungo huandikwa kwa namna nyingi. Kiswahili kina irabu tano, na alama za irabu za Kiarabu ni tatu. Fataha ni a. Kisra hubeba i pamoja na e. Dhumma hubeba u pamoja na o. Isitoshe, Kiarabu hakina p, kwa hiyo wanakili wengi waliandika b. Na sauti ya pua iliyo mbele ya b mara nyingi haikuandikwa. Mzee wangu alinionyesha neno moja, akanisomea “baba”. Kisha akacheka, akasema herufi hizohizo zaweza pia kuwa papa, au pamba, au bamba. Neno jingine laweza kuwa kopa, kupa, komba au kumba. Msomaji ndiye anayechagua, na huchagua kwa kuwa tayari anaujua utenzi kwa moyo.

Fikiri maana ya jambo hilo. Maandishi yale hayakukusudiwa kumfundisha utenzi mtu asiyeujua. Yalikuwa fimbo ya kumsaidia mwenye kuujua asijikwae. Utenzi wenyewe ulikaa katika sauti, katika mikusanyiko ya wanawake, katika vyumba ambamo mama alimsomea binti. Ndiyo maana nakala zake si moja. Huyu aliunakili akiufuata ulimi wa Lamu, yule akauvuta kidogo kuelekea ulimi wa Mombasa. Huyu aliacha ubeti, yule akauweka mahali pengine. Tulipolinganisha kurasa chache na chapa niliyonayo, tuliona beti zimepishana na maneno yamebadilishana. Kitabu changu cha darasani kilikuwa nakala moja kati ya nakala nyingi, iliyobahatika kupigwa chapa.

Na tulipokuwa tukiendelea, mzee akasoma neno, akasita, akasema, “Hapa pameandikwa ndia. Nadhani mnakili amekosea.”

Nilimwambia hapana. Hakukosea. Kiamu husema ndia kwa njia, mato kwa macho, kuya kwa kuja, mtele kwa mchele. Nilisema maneno hayo kwa ufasaha wa mwalimu, kama niliyeyajua siku zote. Kisha nikaona duara jekundu.

Usiku ule sikulala vyema. Nilihesabu madarasa. Ni wanafunzi wangapi waliokuja kwangu na neno la kwao mkononi, nikawarudisha nalo? Kiswahili sanifu nakipenda, na sijutii kukifundisha. Bila hicho mimi Mnyiha na yule wa Tanga tusingeelewana. Lakini kukifundisha sanifu ni jambo moja, na kukifanya rungu ni jingine. Ningeweza kuandika pembeni, “Vizuri, hii ni lahaja ya Kiamu, katika sanifu tunasema njia. Mwambie bibi nimefurahi.” Wino ungekuwa uleule.

Kupitia kwa wanafunzi wenzake wa zamani, nilipata namba ya kijana yule. Sasa ni mtu mzima, ana familia, na maisha yamemrudisha pwani. Nilipojitaja, alisema “Shikamoo, Mwalimu” kwa furaha iliyonichoma zaidi. Nikamweleza habari za mtihani. Akacheka, alama zile hakuzikumbuka. Nikamwuliza habari za daftari la bibi.

Akakawia kujibu. Akasema bibi yake alifariki miaka mingi iliyopita. Daftari lilibaki katika kasha la nguo, na nyumba ilipouzwa vitu viligawanywa. Hakuna aliyejua kulisoma. “Mimi bibi alitaka kunifundisha zile herufi,” akasema, “lakini nilimwambia shuleni wanasema si sahihi.” Hakulisema kwa kunilaumu. Alikuwa ananisimulia tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapoingia katika orodha za namna hii, ingia kwa furaha, maana ni hazina. Soma maelezo ya mradi kwanza. Wajue wakusanyaji. Jaribu kila tahajia na kila lahaja. Mahali ambapo utungo hauna jina, mtafute kwa mstari wake wa kwanza, kama tunavyofanya kwa nyimbo. Andika namba ya mswada katika daftari lako, usiitegemee kumbukumbu ya simu. Tafuta msomaji wa herufi, umketishe karibu, umpe chai.

Lakini kumbuka pia kwamba kila kilichomo humo kiko humo kwa sababu kuna mtu siku moja alimwuliza mwenye nacho, akasubiri jibu. Kilichokataliwa mezani kwa mwalimu hakimo. Hakuna tahajia itakayokileta.

Mzee wangu na mimi sasa tunakutana kila Jumamosi. Ananifundisha fataha, kisra na dhumma. Juzi nimeweza kusoma ubeti mzima bila kusaidiwa. Na kwa kuwa blogu hii ni ukumbi wa washairi, sitaondoka bila kuacha beti mbili, nilizompelekea mwanafunzi wangu:

Ndia nilikufutia, kwa kalamu ya ukali,
Leo naiulizia, katika nchi ya mbali,
Mwanangu, nimesikia, sauti yako ya kweli,
Ndia ndiyo hiyo njia, tofauti ni kauli.

Enyi mlio walimu, mtoto akitamka,
Msiwahi kuhukumu, mjue anakotoka,
Pengine ana elimu, nasi haijatufika,
Ndia ndiyo hiyo njia, tofauti ni kauli.